Wakazi wa Dodoma, nyumba zetu zinamzuia mwizi kuingia. Je, moto ukiwaka usiku sisi tutatokea wapi?

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni kwa wenye nyumba na wapangaji wa Dodoma, hasa huku pembezoni ambako bado tunajenga: Nzuguni, Nala, Iyumbu, Mkonze, Miyuji, Msalato, Ihumwa, Ntyuka. Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kazi yangu inanifikisha vyumbani mwa watu, nyuma ya makabati na juu ya dari. Mngetegemea nianze na nyaya, na nitafika huko, lakini kinachoninyima raha zaidi ni grili za madirisha.

Karibu kila nyumba ninayoingia, madirisha ya vyumba vyote yana nondo zilizochomelewa na kujengewa ukutani moja kwa moja. Mlango wa mbele una geti la chuma, wa nyuma una geti la chuma. Usiku kufuli zinafungwa kwa ndani, funguo zinalala chumbani kwa baba au mama mwenye nyumba. Watoto na dada wa kazi wako upande wa pili wa korido. Moto ukianzia sebuleni saa nane usiku, moshi unajaa kwenye korido kabla hata moto wenyewe haujafika huko. Mtoto aliyeko chumba cha mwisho anapita wapi? Mlango umezibwa na moshi, dirisha lina nondo, funguo haziko kwake.

Naomba kila mmoja wetu ahakikishe jambo moja: kila chumba cha kulala kiwe na njia ya pili ya kutokea, ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifungua gizani bila kumuuliza mtu.

Njia hiyo ni grili yenye kidirisha kinachofunguka. Si lazima ung'oe grili nzima. Fundi wa kuchomelea anakata sehemu ya grili, anaitia bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, kwa ndani. Nafasi ya sentimita 60 kwa 60 inampitisha mtu mzima. Angalieni kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakipita: madirisha yetu ya alminiamu ni ya kusukuma, kwa hiyo kioo kinafunguka nusu tu. Kidirisha cha grili kiwe upande ule ule ambao kioo kinafunguka, vinginevyo umetengeneza mlango mbele ya kioo kisichosogea. Wavu wa mbu nao uwe wa kutoka. Na siku fundi anapokuja kukata, toeni mapazia na magodoro chumbani kwanza, maana cheche za mashine ya kukatia zinaruka mbali na zinaweza kuanzisha moto ule ule tunaoukimbia.

Kwa nini nasisitiza kutoka kuliko kuzima? Kwa sababu ya vitu tulivyojaza ndani. Sofa na magodoro yetu ni ya sponji. Sponji ikiungua inatoa moshi mweusi wenye hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi, na sianidi pia. Dari za plastiki zinazopendwa sasa kwa kuwa zinang'aa na hazishiki vumbi nazo zinayeyuka, zinadondoka na kutoa moshi unaochoma koo na macho. Jipsamu ni afadhali kwa jambo hili, ndani yake kuna maji yaliyoshikwa na madini yenyewe, na lazima yakauke kwanza kabla joto halijapita. Watu wengi kwenye moto wa nyumba wanauawa na moshi, wengine bila hata kuamka. Tukumbuke shule ya Shauritanga kule Rombo mwaka 1994, walikufa wasichana zaidi ya 40, na shule ya Idodi kule Iringa mwaka 2009, wasichana 12. Mabweni yote mawili yaliungua usiku, watoto wamelala.

Moshi unapanda juu na kujaa kuanzia darini kushuka, kwa hiyo hewa inayofaa inabaki chini, karibu na sakafu. Mfundishe mtoto kutambaa. Mfundishe kugusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kufungua: ukiwa wa moto, asifungue, aende dirishani. Na usiku milango ya vyumba ifungwe. Mlango wa mbao uliofungwa unauzuia moshi kwa dakika ambazo zinatosha mtu kutoka dirishani.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, Sura ya 427. Kwa majengo ya biashara, zimamoto wanakagua na kutoa cheti, na mwenye jengo analipia. Kama nyumba yako umeigeuza gesti, hosteli ya wanafunzi au kituo cha kulelea watoto, ujue umeshaingia huko, usijihesabu tena kuwa mwenye nyumba wa kawaida. Kwa nyumba ya kuishi, mlango wako wa kwanza ni kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ile nafasi unayotakiwa kuacha kati ya ukuta wa nyumba na mpaka wa kiwanja wengi wanaiona kama hasara, wanaijengea stoo, banda la kuku, vyumba vya kupangisha. Nafasi hiyo inazuia moto wa nyumba moja usihamie nyingine, na ndipo askari wa zimamoto anapopita na mpira wa maji. Huku kwetu kuanzia Julai mpaka Oktoba upepo unavyovuma kila mtu anaujua. Nyumba zilizobanana kwa upepo ule zinaambukizana.

Zimamoto pia wanasoma ramani za majengo na kutoa ushauri. Ukiwa bado hujapandisha ukuta, peleka ramani yako waitazame, uwaulize habari ya milango na madirisha. Kuhamisha mlango kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuvunja tofali.

Umeme. Hapa ndipo kazi yangu ilipo, mniruhusu nikae kidogo.

Soketi zetu ni za ampea 13, umeme wetu ni volti 230. Zidisha, unapata wati 3,000 hivi. Huo ndio mwisho wa soketi moja, na ekstensheni nzima ni soketi moja hata ikiwa na matundu sita. Jagi la kuchemshia maji peke yake ni wati 2,000 hivi. Chomeka na jiko la umeme la sahani moja la wati 1,500 kwenye ekstensheni hiyo hiyo, umeshapita. Haitalipuka pale pale. Itapata joto, plastiki italainika, matundu yatalegea, na kila siku itakuwa mbaya kuliko jana. Ukiona soketi imebadilika rangi kuwa kahawia pembeni ya tundu, au plagi ukiichomoa ni ya moto mkononi, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Nimefungua soketi za namna hiyo nikakuta waya wa ndani umekauka ganda lake, ukiugusa linapukutika kama majivu, na ukuta nyuma yake ni mweusi. Mwenye nyumba anasema, "Mbona ilikuwa inafanya kazi?" Ndiyo, ilikuwa inafanya kazi.

Baya kuliko hilo ni breka. Breka inaruka kila mara, anaitwa mtu, anatoa ya ampea 20 anaweka ya 40, haitaruka tena na watu wanashukuru. Waya wa soketi ni wa milimita za mraba 2.5. Breka ilikuwa inaruka ili kuulinda waya huo, sasa waya utaungua juu ya dari na breka imetulia. Wenye fyuzi za zamani wanafanya jambo hilo hilo kwa kuzungushia kipande cha waya wa shaba. Breka ikiruka tafuta sababu, usitafute breka kubwa.

Na vyumba vya uani. Nyumba kubwa inafungwa umeme na fundi mwenye leseni ya EWURA, fomu zinakwenda TANESCO, umeme unaingia. Mwaka unaofuata kinajengwa chumba cha uani cha kupangisha, na umeme wake unavutwa kwa kipande cha waya mwembamba kutoka soketi ya jikoni, kinapita juu ya bati. Bati la Dodoma mchana linaunguza mkono. Mpangaji analeta pasi, friji na hita. Nikiulizwa nyumba za hapa zitaungulia wapi, nitaonyesha waya ule.

Lingine ni umeme kukatika na LUKU kuisha. Mtu ameweka hita kwenye ndoo ya plastiki achemshe maji ya kuoga, au anapiga pasi, umeme unakatika. Anaacha kila kitu anaondoka. Umeme unarudi yuko kazini Mtumba. Maji yanachemka yanakauka, hita inabaki na ndoo. Umeme ukikatika, chomoa vyote vya kutoa joto kabla hujafanya lingine lolote.

Nikimbilie nje. Viwanja visivyojengwa vimejaa nyasi kavu kiangazi chote, na kuna jirani anayechoma taka saa kumi jioni upepo ukiwa umeshika. Tusifanye hivyo jamani. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba yako kabla ya Julai, hata za kiwanja cha jirani asiyekuwepo, ongea na mwenyekiti wa mtaa upate ruhusa.

Namba ya zimamoto ni 114, ni bure. Ihifadhi kwenye simu ya kila mtu nyumbani, dada wa kazi akiwemo.

Karibuni kwa maswali.

---

Mdau wa Kisasa: Mkuu, somo zuri, ila umewafungulia wezi mlango. Mimi nimeibiwa mara ya kwanza kwa dirisha la jikoni, nikachomelea nyumba nzima. Leo unaniambia nikate?

Mleta uzi: Pole sana kaka. Uchungu wako naujua, na ndiyo maana sisemi ukate jikoni, stoo wala chooni. Ni dirisha moja kwa kila chumba cha kulala, basi. Komeo liwekwe kwa ndani, mbali na kioo kinachofunguka, ili mkono wa mtu wa nje usilifikie hata akivunja kioo. Fundi anaweza kuchomelea kipande cha bati gumu kulikinga. Kama roho haitulii bila kufuli, weka, lakini funguo itundikwe kwenye msumari ndani ya chumba hicho hicho, mahali pamoja siku zote, mtoto aweze kuifikia na mwizi asiifikie. Na isitolewe hapo kwa kazi nyingine. Mwizi akifika atachukua televisheni. Moto ukifika hauchagui.

Mpangaji, Chang'ombe: Sisi wengine hatuna nyumba wakuu. Tuko vyumba nane, korido moja, mlango mmoja wa mbele. Kila mtu anapikia koridoni, majiko ya mkaa na gesi yamepangana. Kijana mmoja ana bodaboda, usiku anailaza humo humo koridoni kwa hofu ya kuibiwa. Mwenye nyumba yuko Dar, anachojua ni kodi.

Mleta uzi: Ndugu yangu, ya kwako ndiyo inayonipa hofu kuliko ya mwenye nyumba yeyote. Bodaboda ina petroli ndani ya tanki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unafika kwenye jiko lenye makaa bila mtu kuuona. Na imelala kwenye njia pekee ya watu wa vyumba vinane. Kaeni kikao wapangaji wenyewe, hilo halihitaji mwenye nyumba. Pikipiki ilale nje ya mlango, ifungwe mnyororo kwenye nguzo au nondo ya dirisha, mchangie mnyororo. Majiko yasilale koridoni. Funguo ya mlango wa mbele kila chumba kiwe na yake, asiwepo anayefunga na kuondoka na funguo pekee. Kisha andikeni barua ya pamoja kwa mwenye nyumba kuhusu mlango wa nyuma na grili, nakala mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Barua ya vyumba vinane ina uzito kuliko simu ya mtu mmoja.

Mama wa Nkuhungu: Asante mwanangu kwa elimu. Nimehamia kwenye gesi mwaka jana baada ya kuhamasishwa sana habari za nishati safi. Sina amani na ule mtungi. Na je, mafuta yakishika moto kwenye kikaango nifanyeje? Nilifundishwa kumwaga maji.

Mleta uzi: Shikamoo mama. Maji hapana kabisa, tafadhali. Maji yanazama chini ya mafuta ya moto, yanageuka mvuke mara moja, na mvuke unachukua nafasi kubwa mara zaidi ya elfu moja kuliko maji yenyewe. Mafuta yanarushwa juu yakiwaka, yanafika darini na usoni kwako. Zima jiko, chukua mfuniko au sinia, funika kikaango ukilisukuma kutoka upande wako kwenda mbele, usilidondoshe kwa juu. Kisha ukiache kikaango kimefunikwa mpaka kipoe kabisa. Usikibebe kwenda nje.

Gesi ni nzuri mama, usirudi kwenye mkaa kwa hofu. Serikali inalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi kufikia mwaka 2034, kwa hiyo mitungi itazidi kuingia majumbani, na bora tuzoee kuitunza. Mtungi usimame wima, usilazwe. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye reguleta na kwenye maungio ya mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata kidogo. Mpira ukiwa na nyufa au umekakamaa, badilisha. Usiku funga kwenye mtungi wenyewe, usiishie kwenye jiko.

Ukisikia harufu ya gesi, kumbuka inakaa chini, karibu na sakafu. Usiwashe taa na wala usiizime kama inawaka, maana swichi inatoa cheche kote kuwili. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, simu upigie nje.

Mdau wa Ihumwa: Na jiko la mkaa chumbani kipindi cha baridi? Juni na Julai huku upepo unapenya mifupa. Sisi tunasubiri moshi uishe, makaa yakiwa mekundu tu ndipo tunaliingiza ndani.

Mleta uzi: Mkuu, makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanatoa ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Unasikia kichwa kizito, usingizi mtamu, na huamki. Haina uhusiano na moshi unaouona. Kuanzia leo jiko libaki nje. Ongeza blanketi, ziba nyufa za mlango kwa kitambaa, vaa soksi. Kama mtoto mchanga yuko ndani ndiyo kabisa usithubutu.

Mdau wa Area C: Mtungi wa kuzimia moto unaufaa nyumba ya kawaida, au ni pambo?

Mleta uzi: Unafaa, ukijua mipaka yake. Kwa nyumbani chukua wa poda, unazima vitu vikavu, vimiminika kama petroli na vya umeme. Utundike karibu na mlango wa kutokea jikoni, usiuweke juu ya jiko, maana jiko likiwaka hutaufikia. Vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bana, pangusa kulia na kushoto. Mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, na kila mwaka uupeleke kwa wanaoukagua. Lakini mtungi wa kilo sita haumalizi hata nusu dakika. Ni wa kuzima pipa la taka au kiti. Moto ukishafika darini, toka na ufunge mlango nyuma yako.

Mstaafu, Makole: Nimefanya kazi za uokoaji miaka mingi, nimeona niongeze. Watu wanapiga simu wanapiga kelele "njooni nyumba inaungua" halafu wanakata. Tulia. Sema mtaa, sema alama iliyo karibu, sema kinachoungua, sema kama kuna mtu ndani. Usikate mpaka uliyempigia akwambie. Na askari akifika, mtu mmoja amuonyeshe meni swichi ilipo, mitungi ya gesi ilipo, na tanki la maji. Maji ya gari yanaisha haraka kuliko wengi wanavyodhani, na tanki lako la lita 5,000 linaweza kusaidia.

Mleta uzi: Shikamoo mzee, asante sana. Wadau, hiyo ya meni swichi naomba kila mtu nyumbani aijue, hata mgeni wa wiki moja.

Mdau wa Nala: Swali la mwisho kwangu. Huku barabara ni za vumbi, nyingine hazina jina tunalolitumia, GPS inampeleka mtu porini. Zimamoto wakipigiwa watatupata vipi?

Mleta uzi: Angalia kama nyumba yako ina kibao cha namba cha anwani za makazi. Kama kipo, kariri namba na jina la barabara hata kama mtaani hamlitumii, na uandike karatasi ibandikwe karibu na mlango ili hata mtoto aisome kwenye simu. Kama hakipo, nenda ofisi ya mtaa uulizie nyumba yako isajiliwe kwenye NaPA, mfumo wa anwani hizo za makazi. Mbali na hapo, chagueni alama moja ambayo dereva yeyote anaijua, shule, zahanati au msikiti, na moto ukitokea mtu mmoja mwenye tochi akimbilie hapo kuwapokea. Na njia ipitike. Turubai la msiba au harusi likifunga barabara nzima, acheni upande mmoja wa gari kupita. Kama kuna lori la mchanga linalala katikati ya kichochoro chenu, mwenyewe mnamjua, muoneni jioni hii.